Dole Moja Kati ya Saini Arobaini

Watu walimwita Mama Kalamu kwa sababu hakutoka nje bila kalamu. Aliichomeka kwenye mkunjo wa kitambaa cha kichwa, juu ya sikio la kulia, na huko ilikaa alipokuwa akiokota kombe za kula ufuoni, alipokuwa akiteka maji, hata alipokuwa akimfukuza mbuzi wa jirani. Wapo waliomcheka. Mumewe, fundi mwashi, alikuwa akisema kwamba iko siku mkewe ataamka na kukuta ameandika barua kwenye mto wa kulalia. Lakini mtu aliyejifunza kuandika jina lake akiwa na miaka arobaini na mitatu na watoto wanne hawezi kuiona kalamu kama wanavyoiona waliopewa wakiwa na meno ya utoto. Hao huitafuna. Yeye aliifuta kila jioni kwa kitambaa safi.

Asubuhi moja ya bamvua, siku ambazo bahari hurudi nyuma mbali sana na kuacha tope na mawe wazi, wanawake wanane waliteremka kwenda ufuoni na vikapu vyao, wakakuta njia imezibwa.

Njia yenyewe haikuwa kitu cha kujivunia. Ilikuwa kichochoro cha mchanga kati ya viwanja viwili, chenye upana wa wanawake wawili kupishana na vikapu kichwani bila kutukanana. Ilipita nyuma ya ukumbi wa shule, ikazunguka kisima cha zamani, ikatokea ufuoni. Hakuna aliyejua nani aliichonga. Wote walizaliwa wakaikuta. Sasa palikuwa na mabati kutoka upande hadi upande, mtaro wa msingi uliochimbwa kwa kamba iliyonyooka, na ubao mweupe wenye maandishi mekundu.

"Soma basi," mmoja akamwambia Mama Kalamu. "Kalamu hiyo si ya kuchokolea masikio."

Mama Kalamu akasogea. Akaweka kidole hewani mbele ya ubao, kwa sababu kidole chake kilikuwa bado hakijazoea kubaki nyuma macho yakienda peke yake.

"Njia hii… imefungwa… kwa ridhaa… ya wakazi."

"Wakazi gani?"

"Labda kaa," akajibu mwingine. "Maana binadamu hakuulizwa."

"Kaa nao wana mwenyekiti wao siku hizi!"

Wakacheka. Mama Kalamu naye alicheka, tena alicheka kuliko wote. Kicheko kile kilikuja kumrudia baadaye mara nyingi, kama mwiba uliobaki ndani ya ngozi baada ya kudhaniwa umetoka.

Mama mkwe wake hakucheka. Alikuwa ndiye mkubwa wao kwa umri, mwembamba, mwenye mikono iliyokatwakatwa na makombe ya miaka hamsini. Alitua kikapu chini, akautazama ubao ambao hakuweza kuusoma, akauliza, "Na hiyo ridhaa imeandikwa wapi?"

Wakavitwika tena vikapu. Wakazunguka kwa njia ya mfereji wa maji machafu, nyuma ya gereji na nyuma ya ghala la barafu, mwendo wa karibu saa nzima. Walipofika, bahari ilikuwa imekwisha kugeuka. Maji yaliwafika magotini penye mawe ya kombe, na kombe haziokotwi kwa kuogelea. Siku ile vikapu vinane vilirudi vyepesi.

*

Darasa la watu wazima lilikutana alasiri katika chumba cha watoto wa darasa la pili, baada ya watoto kuondoka. Madawati yalikuwa mafupi; magoti ya akina mama hayakuingia chini yake, kwa hiyo walikaa upande upande kama abiria. Kila mmoja alipoingia, kabla hata ya kusalimia, aliinama kwenye meza ya mbele akaandika jina lake katika daftari la mahudhurio. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kwanza ya Mwalimu: ukija, jiandike. Katika miaka miwili mikono yao ilikuwa imezoea. Walijiandika kama mtu anavyopiga hodi.

Mwalimu alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti kubwa isiyolingana na mwili wake, na hakupenda kufundisha kwa vitabu vya kuku na jogoo. Aliwafundisha kwa vitu vya kweli: karatasi ya dawa, risiti ya umeme, tangazo la mnada. Aliwapeleka ufuoni, wakapanda miche mia tatu ya mikoko penye tope, na kila mmoja akaandika vibao vya miche yake. Aliwaandikia ubaoni kwamba ufuo hauna mwenyewe, ni mali ya umma. Kwamba njia ya kwenda huko haizibwi mpaka wale wanaoitumia waridhie kwa maandishi. Na kwamba asiyejua kusoma ni lazima asomewe hati neno kwa neno kabla ya kuweka dole, na aliyemsomea atie saini kuthibitisha. Yote hayo waliyanakili kwa mwandiko mzuri. Ubaya wa mwandiko mzuri ni kwamba humfanya mwenye nao adhani ameelewa.

Siku mbili baada ya njia kuzibwa, Mwalimu aliingia na karatasi tatu alizozipata kwenye ofisi ya ardhi baada ya kukaa kwenye benchi la mlangoni tangu asubuhi. Alizizungusha tu, dawati hadi dawati.

Chumba kikanyamaza polepole, kama maji yanavyotulia kwenye beseni. Kila mmoja alijiona. Huyu alijiona kwenye mstari wa tisa na herufi zake zilizolala. Yule alijiona kwenye wa ishirini na mbili, pale alipokosea akakata. Arobaini wote. Na katika mstari wa kwanza, kwa herufi za mviringo zilizosimama wima kama wanafunzi kwenye mstari, lilikuwa jina la Mama Kalamu.

"Si yale mahudhurio ya mkutano?" mmoja akasema kwa sauti ndogo. "Ule wa soda?"

Ndiyo, ulikuwa ule wa soda. Miezi miwili nyuma, kampuni iliyonunua viwanja viwili vya pwani ilikuwa imewaalika wanawake katika ukumbi wa shule. Msemaji wake alizungumza sana juu ya hoteli, ajira na taa za barabarani. Kisha karani akatoka na ubao wenye karatasi zilizokunjwa na kubanwa, mistari mitupu ikionekana kwa juu, na kwenye mkono mwingine akashika kibweta cha wino wa vidole.

Hapo ndipo Mama Kalamu aliposimama. Hakuna aliyemtuma. Alisema, na sauti yake ikafika hadi ukuta wa nyuma, "Rudisha wino wako, mwanangu. Sisi hapa si watu wa dole tena. Sisi ni watu wa kalamu." Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Karani alitabasamu, akakifunga kibweta, akakitia mfukoni haraka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama Kalamu alianza, na wengine wakamfuata, kila mmoja akiandika na kumpa mwenzake, kwa fahari, kwa haraka, bila kukunjua.

"Mngeweka madole," Mwalimu alisema sasa, taratibu, "angelazimika kuwasomea. Kurasa zote tatu. Kwa kuwa mliandika, imehesabiwa kwamba mlisoma."

Hakuna aliyemtazama Mama Kalamu. Hilo lilikuwa baya kuliko kama wote wangemtazama.

*

Darasa lilipotawanyika, Mwalimu alimwomba abaki. Alifunga mlango, akaweka ukurasa wa tatu juu ya dawati.

Chini kabisa, peke yake, palikuwa na dole moja jeusi. Pembeni yake palikuwa na mstari wa maandishi madogo: *Nimemsomea hati hii yote, neno kwa neno, naye ameielewa na kuikubali.* Na chini ya mstari huo, herufi za mviringo zilizosimama wima.

"Niliiona nikiwa bado ofisini," Mwalimu alisema. "Sikutaka kuisema mbele ya wenzako."

Mama Kalamu aliinamia karatasi. Alilikumbuka dole hilo. Lilikuwa la mama mkwe wake, mtu pekee katika ukumbi aliyekataa kalamu kwa sababu hakuwahi kuja darasani, akisema kwamba kichwa chake kimejaa na hakina tena chumba cha mpangaji. Mama yule aliushika ubao kwa muda mrefu, akaugeuza, akauliza, "Hii inasema nini?"

Na yeye, Mama Kalamu, mwanafunzi wa mfano, makofi bado yakimvuma masikioni, alijibu, "Mahudhurio, Mama. Weka dole, watu wanangoja."

Karani alikitoa tena kibweta kwa ajili ya dole hilo moja. Kisha akamwambia Mama Kalamu, "Na wewe uliyemsaidia, andika hapa." Aliandika. Alifurahi, Mungu anajua, kwamba yeye amepewa nafasi mbili wakati wengine wana moja.

"Nisikilize," Mwalimu alisema. "Hati ni moja, na dole hili limo ndani yake. Kama mwenye dole hakusomewa, hati ina ufa. Nimeuliza. Lakini wanaoweza kusema kwamba hakusomewa ni yeye na wewe, na wewe umeandika kwamba ulimsomea. Kuthibitisha jambo lisilotendeka ni kosa. Wanaweza kukupeleka mahakamani. Wanaweza wasikupeleke. Sijui."

"Na ile nafasi?"

Mwalimu alijua ni nafasi gani. Barua ilikuwa imekwisha kufika: Mama Kalamu awe msaidizi wa darasa jipya, la wale wanaoanza na irabu. Barua ile alikuwa ameisoma mwenyewe, akaikunja, akaiweka chini ya godoro.

"Ofisi haitampa darasa mtu aliyetia saini hivi. Siwezi kukudanganya."

"Kwa hiyo niseme ama ninyamaze?"

"Mimi siwezi kukuchagulia, dada yangu. Kikao cha pingamizi ni Alhamisi ya wiki ijayo."

*

Hakusema kitu kwa siku tano. Alipika, akafua, akaenda darasani akajiandika, akakaa nyuma. Wenzake walimsalimia kwa maneno yaliyopimwa. Mmoja alimwambia, "Mwenzetu, tufundishe na kesho tusaini nini," akacheka peke yake.

Siku ya sita, mama mkwe aliteleza mferejini.

Walimleta wawili, wakimshika makwapani. Goti lilikuwa limevimba kama chungu, na kikapu kilikuwa kitupu. Alikalishwa uani kwenye kigoda, mguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, akataka maji ya chumvi na akakataa kuhurumiwa. "Nyamazeni," aliwaambia. "Goti ni langu, kelele zenu za nini?" Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja mvua, "Malori yamemwaga kifusi juu ya mikoko. Vibao vyenu vile nimeviona vinachungulia kwenye mawe."

Fundi, mumewe, alirudi saa kumi na moja kutoka kwenye ukuta wa kampuni, nyusi zake nyeupe kwa saruji. Alimtazama mama yake, akatazama ndoo, akaenda kunawa bila neno. Mama Kalamu alimfuata nyuma ya nyumba, kwenye pipa la maji.

"Umeliona goti la mama?"

"Nimeliona."

"Huo ukuta wako."

"Ukuta si wangu, mke wangu. Mimi napanga tofali. Nisipopanga mimi atapanga mwingine, tena atapanga vibaya."

"Tofali zako zimepangwa juu ya jina langu."

Akamweleza. Alimweleza yote, dole, mstari, nafasi mbili, na hakujisitiri. Fundi aliacha kunawa. Maji yaliendelea kumchuruzika viwikoni.

"Nani mwingine anajua?"

"Mwalimu."

"Basi nyamaza. Dole limekauka, na lililokauka halikwanguliwi. Unataka usimame mbele ya afisa useme, 'Ni mimi, nifungeni'? Hawa watoto niwapikie kokoto?"

"Na miaka yote hii unapokosa kazi, huwa tunawapikia nini, Baba watoto? Huwa tunapika kombe."

Fundi akajifuta viwiko. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepata kazi ya miezi minane baada ya kukaa bure miezi kumi na mmoja, na hofu ilikuwa imemkaa shingoni.

"Nyie wawili," sauti ikatoka uani, "mnadhani pipa ni ukuta? Njooni mseme mbele yangu."

Wakaenda. Mama mkwe alikuwa akilisugua goti kwa kiganja.

"Siku ile ulinisomea nini, mwanangu?" alimuuliza Mama Kalamu.

"Sikukusomea kitu, Mama."

"Najua. Nilikuwepo." Akakohoa kidogo. "Macho ya mtu anayesoma hutembea. Nimewaona wajukuu. Yako siku ile yalikuwa yamesimama, yanawaangalia watu kama wanakuangalia."

Mama Kalamu akainua kichwa. "Ulijua! Kwa nini hukukataa?"

"Ulikuwa na furaha. Miaka ishirini tangu umeolewa na huyu, sijawahi kukuona umesimama mbele za watu ukapigiwa makofi. Nikasema, dole langu hili ni kitu gani? Acha aitumie siku yake." Aliutazama mguu wake. "Sikujua kwamba siku yako ina ukuta ndani yake."

Fundi aliondoka kwenda kukaa mlangoni. Mama Kalamu aliketi chini, karibu na ndoo, akalia bila sauti, kama wanavyolia watu wazima ambao watoto wao wako karibu. Mama mkwe hakumbembeleza. Alimpa kisu na kombe chache zilizobaki za juzi, akasema, "Lia huku unapasua. Zitaharibika."

*

Ukumbi wa shule ulijaa. Nyuma ya ukuta wake mmoja, umbali wa kutupa jiwe, mashine ya kuchanganya zege ilikuwa ikizunguka, na kila aliyetaka kusema ilimbidi apandishe sauti. Afisa wa ardhi alikaa mbele, mwanamume mwenye miwani na uchovu, na karani wa kampuni akakaa pembeni na mafaili. Mwalimu alinyanyua mkono kwanza.

"Wewe unaitumia njia hii?" afisa akamuuliza.

"Mimi ninakaa upande wa sokoni, lakini wanafunzi wangu…"

"Wanaosikilizwa ni wanaoitumia. Kaa, Mwalimu."

Akakaa. Msemaji wa kampuni akasimama, suti yake imenyooka, sauti yake tamu kama ya mtu anayeposa.

"Mheshimiwa, wapo watakaokuambia kwamba akina mama hawa hawakuelewa. Mimi siwezi kuwatukana hivyo. Hawa si wajinga! Siku ile karani wetu aliwaletea wino wa kidole, wakaukataa. Walidai kalamu! Arobaini waliandika kwa mikono yao wenyewe. Na mmoja ambaye hajui kusoma, alisomewa, na aliyemsomea ametia saini. Tuheshimu elimu yao."

Mama Kalamu alitazama kushoto na kulia. Vichwa vilikuwa vimeinama. Alielewa jinsi mtego ulivyofungwa: ili mtu aseme hakusoma, ilimbidi kwanza avue, mbele ya waume na majirani, ile nguo moja nzuri aliyoishona kwa miaka miwili. Nani angetaka kuwa wa kwanza?

"Kuna pingamizi?" afisa akauliza. Akageuza karatasi. "Kama hakuna…"

"Lipo."

Alikuwa amesimama. Miguu ilikuwa yake, lakini hakukumbuka kuiamuru. Dirishani aliona kofia za mafundi waliokuja kuchungulia, na mmoja wao alikuwa na nyusi nyeupe.

"Hiyo saini iliyo chini ya dole ni yangu. Nimeandika kwamba nilimsomea mama huyu neno kwa neno. Sikumsomea hata neno moja. Mimi mwenyewe sikusoma; nilidhani ni mahudhurio."

Ukumbi ukavuma. Afisa alivua miwani.

"Mama, unaelewa unachokisema? Ulithibitisha kitu ambacho hakikutendeka. Hilo peke yake ni kosa."

"Naelewa. Tulifundishwa. Nililinakili daftarini."

"Nani alikuambia kwamba hati ile ni mahudhurio?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Ingekuwa rahisi kumnyooshea karani kidole. Karani alikuwa amekwisha kujikunja kitini.

"Hakuna aliyeniambia. Karatasi ilikuwa imekunjwa, na mimi sikuikunjua. Darasani kwetu tukifika tunajiandika, nikadhani ni vilevile."

"Mheshimiwa, umesikia!" Msemaji akaruka. "Hakuna aliyemdanganya!"

"Kweli," Mama Kalamu akasema. "Mimi nilijidanganya. Lakini mama huyu aliniuliza karatasi inasema nini, na mimi ndiye niliyemjibu. Kwa hiyo yeye alidanganywa, na aliyemdanganya ni mimi. Andika hivyo."

Sauti ikatoka safu ya nyuma, ya mwanamke: "Ulituuza kwa makofi!" Hakugeuka kumtazama aliyesema. Aliijua sauti ile. Mwenyewe ndiye aliyemfundisha kuishika kalamu.

"Ni dole moja tu," Msemaji alisema. "Saini arobaini zimebaki."

Afisa akafunua na kufunika kurasa. "Hati ni moja," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Nitalazimika kuangalia kama inaweza kusimama…"

"Mheshimiwa."

Mama mkwe hakusimama, kwa sababu ya goti. Alikuwa kwenye kiti cha mbele, mguu umenyooshwa, mpini wa ufagio mkononi.

"Mnabishana juu ya dole langu kama vile nimekufa. Mimi nipo. Na mpaka sasa sijasomewa."

Watu wengine wakacheka. Yeye hakucheka.

"Nisomeeni kwanza, ndipo mniulize kama nakubali. Si ndiyo sheria?"

Afisa akavaa tena miwani. "Karani, msomee mama."

"La. Huyu aliyeandika kwamba amenisomea, ndiye anisomee."

Karatasi zikaletwa. Mama Kalamu alizikunjua, akazinyoosha juu ya meza kwa kiganja, akaweka kidole chini ya neno la kwanza. Hakuona haya ya kidole. Alianza.

Alisoma polepole. Kulikuwa na maneno marefu aliyoyapanda kama ngazi, silabi kwa silabi, na mengine mawili aliyashindwa akayaacha, akayarudia, akayaweza. Dakika zilipita. Msemaji alihema kwa nguvu. Afisa akamwinulia mkono. Mashine ya zege ilizunguka. Alisoma kwamba wakazi wanatambua njia ile si ya lazima kwao. Alisoma kwamba wanaacha kuitumia. Alisoma, "wao… na watoto wao… na vizazi vyao… bila kikomo."

"Rudia hapo," mama mkwe alisema.

Akarudia.

Kisha kiti kikakwaruza sakafu, na kingine. Wanawake walianza kusogea, mmoja mmoja, wakasimama nyuma ya mabega yake, wakinyoosha shingo, midomo yao ikitembea pamoja na kidole chake. Arobaini walikuwa wakikisoma kwa mara ya kwanza kile walichokitia saini. Alisikia pumzi zao. Hakujua kama wamemsamehe, huenda hawakumsamehe. Walikuwa wakisoma tu.

Alifika ukurasa wa tatu, hadi chini kabisa, na hakuuruka ule mstari mdogo. "Nimemsomea hati hii yote, neno kwa neno."

"Sasa ndiyo umenisomea," mama mkwe akasema.

"Na unaikubali, mama?" afisa akauliza.

Mama mkwe hakumjibu kwa mdomo. Alilikunja dole lake ndani ya kiganja, akalifunika kwa vidole vinne, akaiweka ngumi hiyo juu ya goti lililovimba.

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Hakuna aliyejua anaandika nini, wala kama uandishi wake utamsimamisha mtu yeyote aliyeko nje. Alisema atatoa uamuzi baada ya siku kumi na nne. Dirishani, Fundi alikuwa amebaki peke yake. Wenzake walikuwa wameitwa kazini, yeye hakwenda. Kisha afisa akaigeuza karatasi ya maelezo, akaisukuma mezani kuelekea kwa Mama Kalamu, akaonyesha chini.

"Weka saini hapa."

Mama Kalamu aliichomoa kalamu kwenye kitambaa cha kichwa. Aliishika bila kuigusisha karatasi. Akarudisha macho juu kabisa, penye neno la kwanza, akaanza kusoma.

Msemaji aliitazama saa yake. Nyuma ya ukuta, mashine ya zege ilikuwa bado inazunguka.